Mwongozo Kamili: Kujitolea Katika Shamba la Karafuu Pemba Bila Kuwa Mzigo kwa Mwenyeji

Kila msimu wa karafuu unapokaribia, vijana wa Unguja mjini, na hata wa Bara, huulizana namna ya kwenda Pemba kusaidia kazi za shamba. Wengi huenda kwa nia safi, na wengi huondoka kabla karafuu walizozishika hazijakauka, hivyo mwenye shamba hubaki na jamvi lenye karafuu za rangi mbili, nusu gunia la makonyo, yaani vijiti vya mashada, yaliyochanganyika na takataka, na sahani za ziada za kuoshwa. Nia ilikuwepo, lakini kazi hawakuijua, na hakuna aliyewaeleza wakae wapi na washike nini.

Mwongozo huu unashikilia jambo moja: mahali pa mtu anayejitolea ni chini ya mkarafuu na kando ya jamvi. Juu ya mti pana wenyewe. Atakayelikubali hilo tangu mwanzo atakuwa msaada wa kweli, na atakayelikataa hata hatua zilizobaki hazitamfaa.

Vitu vya kuandaa kabla ya safari

Chukua vitu hivi, na uache vingine nyumbani:

- Nguo kuukuu za mikono mirefu, zisizobana. Utomvu wa karafuu mbichi huacha madoa yasiyotoka, na matawini wamo maji moto, wale sisimizi wekundu wanaojenga viota vya majani, ambao huuma bila kuchagua mgeni wala mwenyeji. Wanawake wavae nguo pana isiyoburura chini, na mtandio wa kufunga kichwani badala ya ule mrefu unaonasa kwenye vijiti.
- Viatu vinavyofunika vidole na vyenye meno chini, kwa sababu mashamba mengi ya karafuu yako kwenye vilima na mabonde, na njia zake huteleza mvua inaponyesha.
- Turubai moja kubwa. Mwenyeji anayo majamvi, lakini turubai la kufunikia mvua inapovamia halizidi kamwe katika nyumba yenye karafuu.
- Tochi, kwani kazi ya kuchambua huendelea mpaka baada ya sala ya Isha.
- Chandarua, sabuni ya kutosha, dawa unazozitumia, na kitambaa cha kufungia jeraha.
- Kitambulisho chako.
- Mchango wa chakula: mchele, unga, sukari na mafuta vya kukutosha wewe na kuzidi kidogo.
- Muda usiopungua siku kumi.

Siku kumi hizo zina hesabu yake. Karafuu iliyochumwa leo huchambuliwa leo, kisha huhitaji siku nne au tano za jua kali ili ikauke, na mawingu yakitanda inaweza kuchukua wiki nzima na zaidi. Mtu anayekuja Ijumaa na kuondoka Jumapili hawezi kuiona hata karafuu moja ikitoka mtini mpaka ikaingia guniani, kwa hiyo hawezi kujifunza ni kitu gani kinachoiharibu.

Usichukue ngazi, usichukue panga jipya, na kamera iweke chini kabisa ya mkoba. Glavu pia hazina faida hapa, kwa kuwa kuchambua kunategemea ncha za vidole.

Hatua ya 1: Piga simu kwanza, kisha ukate tiketi

Uchumaji kwa kawaida huanza mwezi wa Julai na huweza kuendelea kwa vipindi hadi Disemba au Januari. Hata hivyo kalenda hiyo haitoshi, kwa sababu mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka wa neema huweza kufuatwa na mwaka ambao shamba zima halijazi magunia machache, na mwaka wa namna hiyo mwenye shamba hana haja ya mikono ya ziada.

Kwa hiyo mtafute mtu aliyeko Pemba, awe ndugu, rafiki wa ndugu au mtu mliyesoma naye, na umuulize maswali mawili: karafuu zimeanza kuwiva upande wake, na je, wachumaji wamekwishaingia shambani? Jibu la maswali yote mawili likiwa ndiyo, kata tiketi ya meli ya kwenda Mkoani au Wete, kutegemea shamba liko upande gani. Anayekwenda Mtambile au Kengeja atashuka Mkoani, na anayekwenda Konde itamfaa Wete.

Hatua ya 2: Jua unazungumza na nani

Neno mwenye shamba lina watu watatu ndani yake. Yuko anayemiliki mikarafuu yake kwa urithi, yuko aliyepata eka tatu katika ugawaji wa ardhi uliofuata Mapinduzi ya 1964 au mrithi wake, na yuko aliyekodi mikarafuu kwa msimu mmoja tu. Huyu wa mwisho amekwishatoa fedha na anashindana na siku, hivyo usishangae akiwa mkali. Ukijua yupi kati ya hao ndiye mwenyeji wako utafahamu pia ni nani mwenye kauli juu ya mti, juu ya jamvi na juu ya karafuu zilizoanguka chini.

Ukifika kijijini, nenda na mwenyeji wako kwa sheha, kiongozi wa shehia, kabla ya kwenda shambani. Msimu wa karafuu huleta wageni wengi na kambi za wachumaji, na sheha anatakiwa kujua nani yumo katika shehia yake. Ukianguka ukaumia, au likitokea jambo la wizi, ni afadhali sana jina lako liwe limekwishaandikwa.

Maneno ya kujitambulisha yawe machache. Yafuatayo yanatosha: «Shikamoo, ami. Nimekuja kuomba nisaidie kazi. Sitaki malipo, na sitapanda mkarafuu. Niweke penye upungufu wa mikono.» Sentensi ya tatu ndiyo itakayomfanya akutazame mara ya pili, kwa kuwa wageni wengi huanza kwa kuuliza mti upi ni mrefu zaidi.

Muulize pia siku za mapumziko. Ijumaa mashamba mengi hutulia mpaka baada ya sala, na mgeni anayeonekana amesimama peke yake chini ya mikarafuu asubuhi hiyo huleta maswali yasiyo ya lazima.

Hatua ya 3: Usiingie katika riziki ya mtu

Hapa ndipo watu wengi wanaojitolea huharibu bila kujua, na ndiyo sababu hatua hii ni ndefu.

Mchumaji hulipwa kwa pishi, kile kipimo cha ujazo. Karafuu alizozichuma hupimwa jioni, na idadi ya pishi ndiyo mshahara wake wa siku. Katika nyumba nyingi kuchambua nako hulipiwa, na wanaochambua ni wanawake wa jirani ambao msimu huu ndio unaowapatia fedha za sare za skuli, deni la dukani na matengenezo ya paa. Sasa anakuja kijana wa mjini, hataki malipo, anakaa barazani na kuchambua pishi tatu. Mwenye shamba atafurahi, naye Bi mkubwa aliyekuwa achambue pishi hizo tatu ataondoka na fedha pungufu, na hatasema kitu kwa sababu wewe ni mgeni.

Dawa yake ni kuuliza kabla ya kugusa. Uliza: kazi zipi zinalipiwa hapa, na zipi hufanywa na watu wa nyumba bila malipo? Kisha jiweke kwenye zile zisizolipiwa, ambazo ndizo zinazowachosha zaidi wenye nyumba: kubeba karafuu kutoka bondeni, kuteka maji, kupasua kuni, kulinda jamvi dhidi ya kuku na mbuzi, kuzigeuza karafuu juani, na kuzikusanya magharibi inapoingia.

Ukitaka kujifunza kuchambua, na ni vizuri ujifunze, kaa pembeni ya mmoja wa wachambuaji na umuombe ruhusa ili unachochambua kiingie katika pishi yake. Kwa njia hiyo yeye hapotezi kitu, na atakusahihisha kwa bidii kwa sababu kazi yako mbaya itakuwa doa lake.

Karafuu zilizoanguka chini nazo usiziokote kwa kujifanya mwepesi. Yapo mashamba ambamo zinaokotwa na watoto au vizee kwa makubaliano na mwenye shamba. Uliza ni za nani.

Utajua umefaulu katika hatua hii siku ya pili au ya tatu, wanawake wa barazani watakapokuita kwa jina na kukusogezea kibao cha kukalia. Wakinyamaza ukifika, rudi kwa mwenye shamba uulize upya.

Hatua ya 4: Kazi ya chini ya mkarafuu

Mkarafuu hufikia urefu wa mita 10 hadi 15, na mingine huzidi. Matawi yake ni tete: huvunjika bila kupinda kwanza, tofauti na mwembe au mpera ambao hukupa onyo. Wachumaji wa Pemba wamekua nayo, wanajua tawi lipi linabeba uzito na lipi halibebi, hutumia kamba na vijiti vyenye ncha ya kigoe kulivuta tawi la mbali badala ya kulikanyaga, na juu ya ujuzi huo wote bado kila msimu wako wanaoanguka na kuvunjika viungo. Asiyezoea hana la kufanya huko juu. Zaidi ya hatari ya maisha, tawi lililovunjika linaondoka na karafuu za misimu ijayo.

Kazi yako chini ni hizi. Mchumaji akishusha kapu kwa kamba, lipokee kwa mikono miwili, ulimimine katika polo au pakacha, kisha ulifunge tena na uitikise kamba mara moja ili ajue alivute. Simama pembeni ya mti kila wakati, kwani vijiti na matawi makavu huanguka bila taarifa. Usizungumze na aliye juu isipokuwa kuna haja, maana akili yake iko miguuni.

Ukiruhusiwa kuchuma matawi ya chini, jifunze kwanza kutazama rangi. Tumba la karafuu huanza likiwa la kijani, kisha hupata weupe wa manjano, halafu wekundu wa waridi. Wakati wa kuchuma ni pale kichwa chake kimejaa na wekundu umeanza, lakini kabla kofia yake haijafunguka na kutoa ua. Ikichumwa changa hukauka ikiwa imesinyaa na nyepesi. Ikiachwa ikafunguka hupoteza kichwa na thamani yake. Katika shada moja hazilingani zote, hivyo lichume shada ambalo nyingi zimefikia. Likate kwa kucha kwenye shina lake, na tawi usilivute.

Jambo moja la kusema wazi. Ukiwaona watoto wenye umri wa skuli wanapanda mikarafuu saa za masomo, usiwapongeze na usiwapige picha. Mwambie mwenyeji wako kwa faragha, na kazi wanayoibeba ibebe wewe.

Kabla ya kula au kugusa macho, nawa kwa sabuni mara mbili. Mafuta ya karafuu mbichi huwasha sana, na maji matupu hayayaondoi.

Hatua ya 5: Kuchambua siku ile ile

Kuchambua ni kutenganisha karafuu na makonyo, yaani vile vijiti vya shada. Hufanywa jioni na usiku, siku ile ile ya kuchuma. Karafuu mbichi zikilala ndani ya gunia au zikirundikwa hupata joto na kuvunda, na zikianikwa kesho hutoka zimepauka, zimekunjamana na nyepesi, wala hakuna jua litakalozirudishia rangi. Kushuka kwa daraja huanzia usiku huo wa kwanza, hata kama hauonekani mpaka siku ya mizani.

Namna ya kufanya ni hii. Shika shada kwa mkono mmoja kwenye shina lake, likandamize kwenye kiganja cha mkono wa pili, kisha lizungushe kidogo huku ukilisukuma. Karafuu hukatika kwenye shingo zake na kubaki kiganjani, na konyo hubaki mkononi. Mzungusho ndio siri ya kazi. Anayevuta karafuu mojamoja atakesha, na anayekandamiza kwa nguvu ataziponda vichwa.

Andaa vyombo vitatu mbele yako: cha karafuu, cha makonyo, na cha majani pamoja na karafuu zilizokwishafunguka. Makonyo usiyatupe. Huanikwa peke yake na kuuzwa, nayo hukamuliwa mafuta katika kiwanda kilichopo Wawi, Chake Chake. Lakini konyo lililoingia katika gunia la karafuu ni hasara, kwa kuwa hupunguza daraja la gunia zima.

Kazi nzuri hapa haihitaji kipimo: chota karafuu gao moja kutoka chombo chako, zitandaze kwenye sinia chini ya taa, na utafute vijiti. Ukiona kimoja kimoja hapa na pale, chambua tena. Ukiona vichwa vingi vimetoka, unakandamiza mno.

Hatua ya 6: Kuanika na kulinda jamvi

Hii ndiyo kazi inayomfaa zaidi mtu anayejitolea, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Kukaa karibu na jamvi mchana kutwa huonekana kama kukaa bure. Ukweli ni kwamba fedha nyingi za msimu hupotea hapa, mchumaji akiwa amekwishamaliza sehemu yake na amelipwa.

Tandika majamvi asubuhi umande ukishakauka, mahali palipo wazi, pasipo na kivuli cha mnazi kitakachopita juu yake saa nane. Usianike barabarani juu ya lami, ingawa utawaona watu wakifanya hivyo. Karafuu za lami huokota mchanga, vumbi la magari na harufu ya mafuta, na harufu haitoki. Usianike juu ya bati, kwani huziunguza upande mmoja, wala juu ya nailoni peke yake, kwa sababu unyevu unaotoka kwenye karafuu hukosa pa kwenda na huzirudia. Jamvi la kusukwa hupumua, na hiyo ndiyo faida yake.

Tandaza karafuu kwa unene usiozidi upana wa vidole viwili. Jua la siku ya mwanzo ndilo linaloamua rangi: likiwa kali na karafuu zikiwa zimetandazwa vyema, hugeuka kahawia yenye kung'aa. Zikirundikana, za chini hubaki na unyevu huku za juu zikikauka, na hapo ndipo rangi mbili zinapotokea katika jamvi moja.

Zigeuze kila baada ya saa moja hivi kwa kiganja au kwa reki ya mbao, ukianzia ukingoni kuelekea kati, kisha uzitandaze upya. Usitembee juu yake. Karafuu za siku tofauti zisichanganywe kamwe. Kila siku na jamvi lake, na ukiona haya kumkumbusha mtu jambo hili, kumbuka kwamba jamvi moja lililochanganywa linaweza kurudisha nyuma kazi ya siku tatu.

Jua likianza kulegea, zikusanye zingali na joto, uzifunike na kuziingiza ndani. Umande wa usiku mmoja huondoa mng'ao wote.

Halafu kuna mvua. Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, na vuli huingia katikati ya msimu wa karafuu, wakati mwingine ikianza na jua bado linawaka. Mlinzi wa jamvi hutazama mawingu upande upepo unakotoka, na huamua kabla ya tone la kwanza. Panga mapema: turubai likunjwe kando ya jamvi, mawe ya kulikandamiza yawe tayari, na mkubaliane nani anashika pembe ipi. Watu wawili wanaojua la kufanya hulikunja jamvi kubwa na kulifunika mara moja. Watu watano wanaopigiana kelele humwaga karafuu matopeni. Mvua ikikuwahi na karafuu zikalowa, usizirundike zikingoja jua. Zitandaze ndani, ukumbini au hata chumbani, uziache zipate hewa, na uzigeuze usiku.

Nampa heshima zaidi kijana aliyekaa na jamvi siku tano mfululizo bila kwenda ufukweni kuliko aliyerudi mjini na picha yake akiwa juu ya tawi.

Hatua ya 7: Kujua zimekauka, na kuzitia guniani

Karafuu zikikauka hubaki takriban theluthi moja ya uzito wake wa ubichi, hivyo usiogope ukiona jamvi limepungua. Kukauka kwenyewe hujaribiwa hivi. Chukua karafuu moja uivunje kwa vidole: iliyokauka hukatika kwa mlio mkavu, na isiyokauka hupinda kwanza. Kisha chota gao uifumbate kwa nguvu: zilizokauka huchoma kiganja na hutoa mlio wa kukwaruzana, mbichi hunyamaza. Fanya hivyo katika sehemu mbalimbali za jamvi, hasa katikati, na umwachie mwenye shamba neno la mwisho.

Zikauke kweli, lakini usizipitishe. Zilizokaa juani kupita kiasi huwa tete, vichwa hukatika, na gunia hupungua uzito bila faida.

Ziache zipoe kabla ya kuzitia guniani. Gunia liwe safi na kavu, lisilowahi kubeba mbolea, chumvi wala dagaa, kwa kuwa karafuu hunyonya harufu ya jirani yake. Liweke juu ya mbao, mbali na ukuta, wala usilisogeze karibu na jiko.

Hatua ya 8: Siku ya mizani

Karafuu za Zanzibar huuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, katika vituo vyake, na kuzipitisha njia nyingine ni magendo yenye adhabu. Onyo hili linamhusu sana mgeni. Mwenyeji kwa ukarimu wake anaweza kukutilia mfuko wa karafuu uende nao. Mshukuru, na umwambie ungependa zaidi mkungu wa ndizi, kwani hakuna haja ya kuanza kueleza bandarini ulizipata wapi.

Omba ruhusa ya kumsindikiza kituoni. Beba gunia, kaa kimya, na utazame jinsi mpimaji anavyochota karafuu kutoka ndani ya gunia, anavyozitandaza, na anachokitafuta: makonyo, vichwa vilivyotoka, zilizopauka, zilizo na unyevu na zenye takataka. Kila kimoja kati ya hivyo kina hatua yake katika mwongozo huu. Gunia ulilolishughulikia likipata daraja la kwanza, kazi yako ilikuwa kazi. Likipata la pili au la tatu, muulize mwenye shamba, mkiwa njiani kurudi wala si mbele ya watu, kasoro ilitoka kwenye jamvi gani.

Hatua ya 9: Kuondoka, na kurudi wakati hakuna karafuu

Usiage karafuu zako zikiwa bado jamvini. Ikilazimu kuondoka, mkabidhi mtu kwa jina na umwonyeshe kila jamvi limeanikwa siku gani. Turubai liache. Waage wachumaji na wachambuaji kabla ya kumuaga mwenye nyumba, kwa kuwa yeye utamkuta tena na wao huenda watakuwa wamekwenda shamba jingine.

Msaada unaokosekana zaidi ni ule wa miezi isiyo na harufu ya karafuu. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, hupandwa miche kujaza nafasi za mikarafuu iliyozeeka na kufa, na mikono huwa michache kwa sababu hakuna fedha za haraka. Shimo huchimbwa mapema, udongo wa juu huchanganywa na samadi iliyooza, na mche huachiwa nafasi ya mita nane au tisa kutoka mwenziwe. Mche mchanga hauvumilii jua la moja kwa moja. Huwekewa kivuli cha makuti au hupandwa karibu na migomba, na magugu huondolewa kwa mkono karibu na shina ili jembe lisikate mizizi iliyo juu juu.

Kinachoua miche mingi ni kiangazi cha kwanza, kuanzia Januari hadi mvua za masika zinaporudi. Kama una safari moja tu ya ziada katika mwaka, iweke hapo: ndoo ya maji kwa kila mche mara mbili kwa wiki, ikimiminwa polepole jioni, nyasi kavu zikitandazwa kuzunguka shina bila kuligusa, na makuti yaliyopeperushwa na upepo wa kaskazi yakirudishwa mahali pake.